Taa za Lori la Mzee Ochwo

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa nje ya duka la mjukuu wangu hapa Busia, nikawaona vijana wawili wamechuchumaa mbele ya teksi yao. Mmoja ana dawa ya meno, mwingine ana mswaki, wanasugua taa za mbele kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Nikawauliza, "Vijana, gari linakwenda harusini?"

"Hapana, mzee," mmoja akanijibu bila kuinua kichwa. "Limepata mtoto wa jicho."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu neno hilo likanirudisha miaka ya sitini, kwenye gereji moja ya Tororo, kwa mtu aliyekaribia kupoteza kazi kwa sababu ya neno kama hilo. Na neno lenyewe lilitoka kinywani mwangu. Wale vijana walikuwa na abiria wanaosubiri, hawakuwa na nafasi ya kunisikiliza. Basi naandika kwa ajili yao na wenzao wote wanaoshika bisibisi.

Kwanza niwape la kuwafaa leo. Taa zenu za siku hizi mbele ni plastiki. Plastiki hiyo ilitoka kiwandani imepakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Miaka ikipita jua linaila ile ngozi, taa inakuwa ya njano, halafu nyeupe kama maji ya mchele. Ukisugua kwa dawa ya meno itang'aa, sikatai. Lakini umeondoa na kile kidogo cha ngozi kilichobaki, na baada ya muda itarudi kuwa mbaya kuliko mwanzo. Ukishasugua, ipake dawa yake ya kuikinga, au nunua nyingine.

Zetu zilikuwa za kioo, na kioo hakizeeki. Ukikipiga jiwe kinavunjika, usipokipiga kitakuzika. Ndiyo maana taa zetu zilikuwa na hila kuliko zenu. Zenu zikizeeka kila mtu anaziona. Zetu zilizeekea ndani, nyuma ya kioo kisafi, na mwenye gari hajui kitu.

Mimi naitwa Wabwire. Umeme wa magari nilifundishwa na Fundi Jaswant, Kalasinga aliyekuwa na gereji ndogo Tororo, mahali ambapo ukiinua macho tu unauona ule mwamba mkubwa. Mtu mrefu, mwenye kilemba na ndevu za mvi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Hakuwahi kunipiga, wala hakuwahi kupaza sauti. Ukikosea, alikuwa anakuangalia, anavuta pumzi, na anakwambia neno moja tu ambalo litakunyima usingizi wiki nzima.

La kwanza nililipata mwezi wangu wa kwanza. Mwalimu mmoja wa misheni alileta gari lake dogo tulibadilishe balbu. Nilipofungua taa nikaona lile bakuli la nyuma, ambalo sisi tunaliita reflekta, limefifia kama kijiko cha zamani. Nikajiambia, leo Fundi atanijua. Nilikuwa na binamu yangu polisi, ana dawa ya kung'arishia vifungo vya koti. Nikaiomba, nikachukua kitambaa, nikasugua. Mwanzo liling'aa hata nikauona uso wangu. Nikaona raha, nikaendelea. Nilipotulia, bakuli limegeuka njano. Nilikuwa nimeimaliza ile fedha nyembamba iliyopakwa juu, nimefika kwenye shaba iliyo chini yake.

Fundi Jaswant akalishika, akaligeuza kwenye jua, akavuta pumzi. "Wabwire," akasema, "tumempa mwalimu sufuria."

Tangu siku hiyo najua, na ninyi mjue: kinachoangaza barabara si balbu peke yake. Balbu ni moto mdogo tu, unatupa mwanga kila upande kama kibatari. Reflekta ndiyo inayouokota mwanga wote huo na kuutupa mbele. Mistari unayoiona kwenye kioo kazi yake ni kuupanga, huu uende katikati, huu uende pembeni kwa watembea kwa miguu. Sasa ile fedha ya kwenye reflekta ni nyembamba kuliko karatasi. Vumbi likiingia, unyevu ukiingia, inafifia kidogo kidogo. Hailiki kwa siku moja. Ni kama mtoto wa nyumbani, wewe unayemwona kila siku huoni kama amekua. Mpaka mgeni aje aseme, "Ala!"

Mzee Ochwo hakupata mgeni wa kumwambia "Ala." Alinipata mimi.

Ochwo alikuwa Mpadhola, dereva wa lori la samaki. Kila siku ya safari alishuka mapema Majanji, ziwani, anapakia samaki waliokaushwa kwa chumvi, anarudi kupitia Busia hadi stesheni ya Tororo ili mzigo uwahi treni. Tulimwita mzee ingawa hajafika hamsini, kwa sababu ya upole wake. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa pale mjini, na Ochwo alikuwa ameliendesha tangu likiwa jipya. Barabara yote ilikuwa ya murram, udongo mwekundu wenye changarawe. Wavuvi wakichelewa, au mvua ikinyesha, kipande cha mwisho kutoka Busia alikifanya taa zimewashwa.

Siku moja akaja gereji, kofia mkononi. "Kijana wangu, naomba uangalie taa zangu. Naona barabara inaniishia karibu."

Nikamwambia awashe. Nikasimama mbele ya lori, nikaziangalia taa. Zote mbili zinawaka. Akakanyaga swichi ya sakafuni, zikatoka fulu, mwanga wa mbali, zikaja dimu, mwanga wa karibu, zikarudi fulu. Zikaniumiza macho. Nikamwambia, "Mzee, taa ni nzima."

Akashukuru, akaondoka. Baada ya kama mwezi akarudi. Maneno yaleyale. Nikafanya yaleyale, ila safari hii nilikuwa na haraka, na nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekwisha kujiona fundi. Nikamwambia kwa kucheka, "Mzee, taa ni nzima. Labda ni macho. Labda una mtoto wa jicho."

Hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaingojea. Akavaa kofia yake. "Labda," akasema.

Sikujua kwamba baba yake alikufa kipofu.

Wiki chache baadaye, magharibi moja, Ochwo alikuwa anatoka Busia na mzigo, giza ndiyo linaingia. Mbele yake alikuwa mtu wa kijiji cha Sop-Sop aliyeitwa Obbo, anasukuma baiskeli, amefunga gunia la mtama nyuma. Ochwo alimwona wakati bampa iko karibu kumgusa. Akakata usukani, akasikia chuma kinalia chini ya gurudumu. Lori likasimama likiwa limekaa upande.

Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alishuka, akaikuta baiskeli imekunjwa kama waya, mtama umemwagika barabara nzima, na mtu hayupo. Pembeni kulikuwa na bonde lenye mafunjo. Akaita, kimya. Akawasha kiberiti, upepo ukazima. Akapiga magoti palepale kwenye mtama akaanza kuomba Mungu. Katikati ya sala akasikia sauti kutoka kwenye mafunjo, imejaa hasira: "Wewe! Nani atalipa baiskeli yangu?"

Obbo alikuwa amesikia lori mapema, na alipoona haliendi pembeni akaruka kwenye maji. Akatoka ana matope mpaka masikioni, ametayarisha matusi yote anayoyajua. Ochwo akamkumbatia. Obbo anamtukana, yeye anamkumbatia na kulia, mpaka Obbo mwenyewe akaishiwa na matusi akaanza kumtuliza. Wakaokota mtama pamoja, na Ochwo akampeleka hadi Tororo.

Mtu hakuumia hata kucha. Lakini tajiri aliposikia, alikuja gereji. Akauliza mbele ya watu wote, "Taa za lori langu zina kasoro?"

Fundi Jaswant hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta vipuri. Macho yote yakanigeukia mimi. Na mimi, niwaambie ukweli kwa sababu uzee umeniondolea aibu, niliogopa. Nikasema, "Nimezipima mara mbili, bwana. Ni nzima."

"Basi ni dereva," akasema tajiri. "Alete karatasi ya daktari wa macho kabla ya Jumatatu. Asipoleta, natafuta mwingine."

Ile ilikuwa Alhamisi. Siku ya pili, asubuhi na mapema, akaingia mwanamke gereji, mtoto mgongoni, leso imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kwenye ugomvi. Alikuwa Mama Athieno, mke wa Ochwo. Safari hii Fundi Jaswant alikuwepo, anakunywa chai.

"Nani hapa ndiyo anaitwa Wabwire?"

Nikasema ni mimi.

"Wewe ndiyo nasema bwana yangu ni kipofu?"

"Mama, mimi sikusema kipofu. Nilisema labda..."

"Sikia, mtoto. Bwana yangu anasimama kwa mlango yetu anaona ng'ombe ya jirani ng'ambo ya bonde, anasema ile ni ya fulani, pembe yake moja imevunjika. Haya, hiyo ni mchana. Lakini juzi jioni nyoka iliingia kwa jikoni. Tadooba iko juu ya kabati, ile tadooba ya mafuta, unajua mwanga yake ni kama kidole. Nani aliona nyoka? Ni yeye. Mimi nimekanyaga karibu, yeye ndiyo nanivuta." Akamgeukia Fundi Jaswant. "Sasa wewe mkubwa yake niambie. Mtu naona nyoka kwa tadooba, namna gani hawezi kuona baiskeli kwa taa yenu kubwa mbili?"

Fundi Jaswant akaweka kikombe chini. "Mama, karibu kiti."

"Sitaki kiti. Anakataa kwenda kwa daktari. Anaogopa daktari atasema kama ilivyokuwa kwa baba yake. Unajua nimemkuta nafanya nini? Nimemkuta ndani ya nyumba, macho amefunga, nahesabu hatua. Kutoka kitanda mpaka mlango. Kutoka mlango mpaka choo. Ananiambia, najifunza mapema." Akajifuta na ncha ya leso, akamrekebisha mtoto mgongoni, akatoka bila kuaga.

Fundi Jaswant akaniuliza polepole, "Ulizipimaje?"

"Nilisimama mbele nikaziangalia."

"Mchana?"

"Mchana."

Akavuta pumzi. Nikangojea neno, halikuja. Akasema tu, "Mwite Ochwo. Saa moja jioni."

Jioni ile tukatoka na lori lile tupu, Ochwo kwenye usukani, mimi katikati, Fundi Jaswant mlangoni. Tulikwenda barabara ya Busia mpaka mahali palipo pweke na panyoofu. Giza lilikuwa limeingia. Fundi akashuka. Akaniambia, "Mimi nakwenda mbele kwa miguu. Subirini kidogo, kisha mje polepole sana. Wewe Wabwire ndiye mwenye macho ya kijana. Ukiniona, sema 'simama.' Ochwo, usiseme kitu. Yeye ndiye atasema."

Akapotea gizani. Alikuwa amevaa koti lake jeusi. Tukasubiri, kisha Ochwo akatia gia ya kwanza, fulu imewashwa. Nikanyoosha shingo mpaka paji la uso likagusa kioo. Niliona mwanga wa njano, kama chai ya maziwa iliyomwagwa, unaishia mita chache mbele ya boneti. Zaidi ya hapo ukuta mweusi. Tukaenda. Nikaendelea kukodoa macho. Nikadhani pengine Fundi amekwenda mbali. Mara nikaona miguu miwili ya suruali mbele ya bampa.

"Simama!"

Ochwo alikuwa amekwisha kukanyaga breki, alimwona kabla yangu. Fundi Jaswant alikuwa amesimama mbele yetu kama hatua tano hivi, mikono mifukoni. Lori lingekuwa na mzigo na mwendo wa kawaida, tungekuwa tumemmaliza.

Mtu yule alikuwa ameendesha hivyo miezi mingapi? Kila akirudi amenusurika, na mara mbili alikuja kuomba msaada, na mara mbili nikamrudisha. Kama Obbo asingekuwa na masikio mazuri, leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine, au nisingeandika kabisa.

Fundi akapanda. Akasema yale maneno ambayo nawaachia ninyi kama urithi: "Taa haitazamwi, Wabwire. Tazama kile inachokiangaza. Hata njiti ya kiberiti itakuumiza macho ukiisogeza karibu."

Kesho yake, Jumamosi, tukalifungua lori. Hapa wenye mikono msikilize, maana haya bado yana kazi, hata kwa magari yenu.

Reflekta zilikuwa za kijivu, zimekufa. Ukanda wa mpira unaoziba kioo ulikuwa umekauka na kupasuka, kwa hiyo vumbi la murram na maji ya mvua yalikuwa yanaingia kila siku. Balbu nazo zilikuwa na moshi mweusi ndani. Ule waya mwembamba unaowaka huwa unajila wenyewe kidogo kidogo, na unachokila kinakwenda kujipaka kwenye kioo cha balbu. Kwa hiyo balbu ya zamani inaweza kuwaka vizuri na bado ikajiwekea pazia. Usisubiri ikatike.

Lakini ugonjwa mkubwa haukuwa hapo. Fundi alileta mita yake ya kupimia umeme, akapima betri, volti kumi na mbili na kitu. Akapima nyuma ya balbu taa zikiwa zimewashwa. Tisa. Akanionyesha mshale. "Tatu zimekwenda wapi?"

Tukazitafuta kama watu waliopotelewa na mbuzi. Moja tuliikuta kwenye swichi, ambayo ilikuwa imeungua na ina joto ukiishika. Nyingine mbili zilikuwa kwenye waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari. Ulikuwa umefungwa kwenye madigadi na skrubu moja, na chini ya skrubu hiyo palikuwa na kutu tupu. Samaki wa chumvi, maji, matope, miaka. Umeme unafika kwenye balbu, lakini njia ya kurudi nyumbani imejaa miiba. Na mjue jambo hili: umeme ukipungua robo, mwanga haupungui robo. Unapungua zaidi ya nusu. Ndiyo maana unaona njano.

Kila ugonjwa peke yake ungevumilika. Yote ilipokaa pamoja, ikamtia mtu upofu asio nao.

Tulifanya kazi siku nzima, hatukula mchana. Nilikwangua ile kutu kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga waya mpya mnene, nikapaka grisi juu ili maji yasirudi. Tukabadilisha swichi. Fundi alikuwa na reflekta mbili mpya amezifunga kwenye gazeti, alikuwa amemwekea mtu mwingine. Akazitoa. Akanikataza kuzigusa kwa vidole, na kusema kweli hata ningeruhusiwa nisingethubutu.

Kisha tukazielekeza. Tulisimamisha lori mbele ya ukuta wa ghala, hatua kumi, mahali pa usawa. Tukachora mstari wa chaki kwenye ukuta kwa kimo cha taa. Nikataka kuanza kukaza skrubu, Fundi akanishika mkono. "Lori hili linatembea usiku likiwa tupu?"

"Hapana, lina samaki."

"Basi lipe mzigo kwanza."

Tukapakia magunia ya mchanga nyuma. Pua ya lori ikainuka, na mwanga ukapanda ukutani wenyewe, macho yangu yanaona. Lori lenye njaa na lori lililoshiba hayaangalii mahali pamoja. Ukilielekeza likiwa tupu, likibeba mzigo litaangaza ndege juu ya miti na kumpofusha kila anayekuja mbele. Tukazishusha, dimu ikae chini kidogo ya mstari wa chaki na ielekee pembeni, upande wa kushoto, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto.

Tulipokuwa tunamaliza tajiri akapita. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa maneno yangu, nikasogea mbele yake. "Bwana, taa zilikuwa mbovu. Mimi ndiye nilisema ni nzima. Nilikosea."

Akanikazia macho, halafu akamgeukia Fundi Jaswant. Fundi akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Yeye ni mwanafunzi wangu," akasema. "Kosa la gereji yangu ni langu. Vipuri hivi sitakuandikia. Baiskeli ya yule mtu naitengeneza mimi. Na dereva wako ni mzima."

Tajiri alinung'unika kidogo, kwa sababu tajiri lazima anung'unike, lakini akaenda zake. Habari ya karatasi ya daktari haikutajwa tena. Ochwo mwenyewe alikuja kwenda kwa daktari kwa hiari yake miezi kadhaa baadaye, akarudi na miwani ya kusomea Biblia, na hakuna zaidi.

Fundi Jaswant hakuniadhibu. Alinipa ile mita niishike mimi kuanzia siku hiyo, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko adhabu. Miaka ya baadaye, Wahindi walipofukuzwa nchini naye akalazimika kuondoka na wenzake, aliniachia kabisa. Niliitumia mpaka mshale wake ukachoka. Zilipokuja taa zilizozibwa nzima, kioo na reflekta na waya vyote kitu kimoja, watu walisema sasa mita haina kazi, taa ikifa unatupa unaweka nyingine. Nikawaambia sawa, lakini kutu ya waya wa athi itaondolewa na nani? Wamenirudia wengi. Zikaja balbu ndogo zenye moto mkali, ambazo ukizigusa kwa kidole chenye mafuta zinapasuka. Sasa kuna hizi nyeupe zenu zisizo na waya wa moto ndani. Zote nimezipima namna ileile: jioni, ukutani au barabarani, mgongo wangu umeelekea taa na uso wangu umeelekea giza.

Lakini narudi jioni ya ile Jumamosi. Fundi alisema tumjaribishe Ochwo, magunia ya mchanga yakiwa bado nyuma. Tukaenda mahali palepale. Fundi akashuka na koti lake jeusi, akatembea mbele, na safari hii alitembea muda mrefu hata nikaanza kuwa na wasiwasi.

Mikono ya Ochwo ilikuwa imekaza usukani. Akawasha, akakanyaga fulu.

Sijui nisemeje. Barabara ilifunguka mpaka mwisho. Niliona kila jiwe la murram, niliona majani ya pembeni na umande unaanza kukaa juu yake, niliona popo anapita. Na mbali kabisa, mahali ambapo jana palikuwa ukuta mweusi, mtu mrefu mwenye kilemba amesimama, anatupungia mkono.

Ochwo hakutia gia. Akazima injini, akaziacha taa. Akauliza bila kunitazama, "Wabwire. Kwa hiyo si macho?"

"Si macho, mzee."

"Sema tena."

"Si macho. Ni taa. Zilikuwa taa, na mimi ndiye sikuziona. Nisamehe."

Akashusha kichwa juu ya usukani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa anacheka pia. Akanipiga begani kofi moja zito. Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, na nimeuhesabu kuwa wa kutosha.

Tulimchukua Fundi barabarani, tukageuza. Nyumba ya Ochwo ilikuwa kando ya barabara ileile, kabla ya kuingia mjini. Alipofika pale hakuendelea. Akakata usukani, akaingiza lori lote uani mwake, mbele ya mlango wa jikoni, kuku wakatawanyika wakipiga kelele. Mama Athieno akatoka mbio. Lori nyumbani saa ile halina habari njema, nilimwona ameshika kifua. Akasimama katikati ya mwanga, mkono mmoja juu ya macho.

"Nani? Kuna nini? Nani amekufa?"

Ochwo akatoa kichwa dirishani. "Hakuna aliyekufa. Simama hapo nikuone!"

"Zima hiyo kitu, naniumiza macho!"

"Sizimi. Una unga kwenye mikono mpaka kwenye kiwiko. Una jivu kwenye shavu, la kushoto. Leso yako imechanika hapo chini, kwa nini hujaniambia? Na sikio moja halina hereni."

Mama Athieno akashusha mkono polepole. Akajigusa sikio, akaikosa hereni, akabaki ameshika pale pale. Majirani walikuwa wameanza kutoka na tadooba zao, wanauliza ni kitu gani. Yeye alisogea mbele kuelekea zile taa, anacheka na machozi yanamtoka, akimwambia mumewe aseme kingine anachokiona.

Na Ochwo, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, akaendelea kusema.